Anayeuguza Naye Aangaliwe
Somo kwa familia zinazotunza mgonjwa, mzee au mtu mwenye ulemavu nyumbani

Kipeperushi hiki ni kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili zinazoishi England. Kinahusu wale wanaomuuguza jamaa yao nyumbani bila ya malipo, na kinahusu vilevile yule anayeuguzwa. Ni vyema kisomwe na watu wote wa nyumba, na inapowezekana kisomwe pamoja na mgonjwa mwenyewe.

1. Mtunzaji ni nani?

Katika desturi zetu, mke anayemlisha mumewe aliyepooza hajiiti mtunzaji. Atasema yeye ni mke. Binti anayemwogesha mama yake atasema anatimiza wajibu wake kwa mzazi. Kauli hizo ni za kweli na za heshima. Hata hivyo, katika nchi hii aliyejitambulisha kuwa ni mke au binti tu hubaki nje ya orodha, na asiyekuwemo katika orodha haulizwi hali yake.

Kwa huduma za afya na ustawi wa jamii, mtunzaji ni mtu yeyote anayemsaidia jamaa au rafiki ambaye hawezi kujimudu peke yake kwa sababu ya maradhi, uzee, ulemavu au matatizo ya akili. Si lazima waishi nyumba moja. Kazi yake inaweza kuwa kuogesha, kupika, kugawa dawa, kusimamia fedha, kufuatana naye hospitalini au kukesha usiku. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu takriban watu milioni 5 wanaofanya kazi hii bila ya malipo katika England na Wales, kuanzia umri wa miaka 5. Maana yake ni kwamba wamo pia watoto.

2. Utafiti unatufundisha nini?

*Uchovu wa kuuguza huingia mwilini.* Mwaka 1995, watafiti wa jimbo la Ohio, Marekani, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwatunza jamaa zao wenye maradhi ya kusahau, yaani dimenshia, wakawalinganisha na wanawake wengine 13 wa umri wao ambao hawakuwa na kazi hiyo. Kila mmoja alitiwa jeraha dogo la kipimo kimoja kwenye mkono. Majeraha ya watunzaji yalichelewa kupona kwa siku 9 hivi zaidi. Tunajifunza kwamba msongo wa mawazo hauishii moyoni. Hupunguza hata uwezo wa mwili kujitibu.

*Linalodhuru zaidi ni kuelemewa, si kutunza kwenyewe.* Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuatilia wazee kwa miaka 4. Waliokuwa wakimtunza mume au mke na huku wakisema wameelemewa walikuwa katika hatari ya kufariki iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wenzao wasiotunza mtu. Lakini waliotunza bila ya kuelemewa hawakuonekana kuwa na ongezeko hilo. Utafiti mwingine mkubwa wa huko huko, wa mwaka 2013, uligundua kwamba watunzaji kwa jumla walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufariki kuliko wasiotunza, kwa asilimia 18.

Matokeo haya hayapingani. Kumhudumia umpendaye kunaweza kumpa mtu nguvu na utulivu wa nafsi. Kinachoharibu afya ni kubeba mzigo uliozidi uwezo, kwa muda mrefu, bila ya wa kupokezana naye.

*Msaada kwa anayeuguza humfaa na mgonjwa.* Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliwafuatilia watu 406 waliokuwa wakiwatunza waume au wake zao wenye maradhi ya Alzheimer. Nusu yao walipewa vikao 6 vya ushauri, na vingi kati ya hivyo vilihudhuriwa na jamaa wengine, kisha wakaunganishwa na kikundi cha watunzaji wenzao na kupewa mshauri wa kumpigia simu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba wagonjwa wa kundi hili walibaki nyumbani siku 557 zaidi, yaani mwaka mmoja na nusu, kabla ya kuhitaji kupelekwa katika nyumba ya kutunzia wazee.

Hapa Uingereza, mpango uitwao START ulijaribiwa kwa watunzaji 260 wa watu wenye dimenshia. Waliopata vikao 8 vya kufundishwa namna ya kukabiliana na tabia ngumu za mgonjwa, kutuliza nafsi na kuomba msaada walikuwa na huzuni na wasiwasi mdogo kuliko wenzao, na faida hiyo ilikuwa ingalipo miaka 2 baadaye.

Kwa hiyo, anayesema “siwezi kwenda kwenye ushauri, nani atakaa na mama?” ajue kwamba kwenda kwake ni sehemu ya kumtunza mama.

3. Yanayotukuta sisi wahamiaji

*Mikono imepungua.* Kule tulikotoka, mgonjwa huzungukwa na shangazi, wajomba, majirani na vijana wa mtaa. Hapa kazi ile ile huweza kumwangukia mtu mmoja, naye ana zamu kazini. Walio mbali wanaweza kudhani mambo ni mepesi, kwani mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waelezeni jamaa hali ilivyo, na wagawieni kazi mahususi: huyu apige simu kwa mzee kila jioni, yule achangie nauli, mwingine aje kukaa naye Jumamosi.

*Lugha.* Mtu mwenye dimenshia anaweza kupoteza Kiingereza alichojifunza ukubwani na kurudi katika lugha yake ya utotoni. Huo si ukaidi. Mweleze daktari jambo hili mapema.

*Watoto kufanywa wakalimani.* Mtoto asitakiwe kumweleza bibi yake kwamba ana saratani, wala kumuuliza baba yake habari za choo na mkojo mbele ya daktari. Huenda akaficha jambo kwa kuogopa au kwa haya, na dawa zikakosewa. Huduma za NHS hutoa mkalimani bila ya malipo. Mwombe unapopanga miadi, na taja kama mgonjwa anapendelea mkalimani wa kike au wa kiume.

*Aibu.* Wapo wanaohofu kwamba kumpokea mhudumu wa nje ni kumtupa mzazi. Lakini anayekubali mtu aje kumwogesha baba mara tatu kwa wiki hajamtupa. Amejihifadhia nguvu za kuzungumza naye, kumlisha kwa utulivu na kukesha naye siku atakapozidiwa.

4. Dalili za kuelemewa

Zungumza na daktari wa familia, yaani GP, iwapo kwa wiki mbili au zaidi umeona mambo haya:

• Hupati usingizi hata mgonjwa anapolala, au unaamka umechoka.
• Unamkaripia mgonjwa, kisha unajilaumu.
• Umeacha dawa zako mwenyewe au umekosa miadi yako.
• Umejitenga na watu; hata msikitini, kanisani au harusini huendi tena.
• Unalia bila ya sababu, au huoni raha ya jambo lolote.

Ukihisi unaweza kumdhuru mgonjwa au kujidhuru, usisubiri. Piga simu 111 wakati wowote. Hatari ikiwa ipo pale pale, piga 999.

5. Haki zako

*Kutambuliwa na GP.* Omba uandikwe katika kumbukumbu zake kuwa wewe ni mtunzaji. Ukiwa mtunzaji mkuu wa mzee au mtu mwenye ulemavu, unaweza kupata chanjo ya mafua bila ya malipo.

*Tathmini ya mtunzaji.* Sheria ya matunzo ya mwaka 2014, Care Act, inailazimu halmashauri ya eneo lako kumtathmini mtunzaji mtu mzima anayeonekana kuhitaji msaada, bila ya kujali kipato chake. Hulipii, na lengo si kukupima kama unatunza vizuri. Siku ya tathmini eleza siku yako iliyo mbaya kabisa, si ile iliyo njema. Taja pia yanayohusu staha na dini: mwanamke kuogeshwa na mwanamke, chakula cha halali, nyakati za swala. Mtoto anayemtunza mtu ana haki ya tathmini yake.

*Likizo.* Tangu tarehe 6 Aprili 2024, mwajiriwa anayemtunza mtu anaweza kuchukua hadi wiki moja ya likizo isiyo na malipo kila mwaka, kuanzia siku yake ya kwanza kazini.

*Posho.* Anayetunza kwa saa 35 au zaidi kwa wiki anaweza kustahiki Carer's Allowance, ikiwa anayetunzwa anapokea posho fulani ya ulemavu na kipato cha mtunzaji hakijapita kiwango kilichowekwa. Tafuta ushauri kwanza, kwani posho hii inaweza kupunguza baadhi ya malipo ya mgonjwa. Ikiwa viza yako ina sharti la kutotumia fedha za umma, usiombe posho kabla ya kupata ushauri wa uhamiaji. Sharti hilo halikuzuii kujisajili kwa GP wala kuomba tathmini ya halmashauri.

6. Mgonjwa naye ana neno

Katika kupanga zamu na dawa, ni rahisi kumsahau mwenye maradhi akawa kama mzigo unaopokezwa. Muulizeni: nani angependa amwogeshe? Ni kazi gani bado anaiweza? Anayeweza kumenya vitunguu aachiwe amenye, hata akichukua saa nzima. Anayetaka kufunga Ramadhani apelekwe kwa daktari kabla ya mwezi kuandama, ili saa za dawa zipangwe au aelezwe hatari iliyopo. Mambo mazito, kama vile nani aamue endapo hataweza kusema, yazungumzwe akili yake ikiwa bado timamu.

7. Maswali ya kujadili nyumbani

1. Katika nyumba yetu, nani anauguza, na nani anampokea?
2. Mara ya mwisho alilala usiku mzima lini?
3. Akiugua yeye kesho, nani anajua dawa za mgonjwa na saa zake? Ziandikeni leo na kuzibandika jikoni.
4. Je, yupo mtoto anayefanya kazi ya mtu mzima?
5. Mgonjwa mwenyewe anasemaje?

Jibu la swali lolote likiwatia wasiwasi, chukueni hatua moja wiki hii: pigeni simu kwa GP au kwa halmashauri, mseme, “Mimi ni mtunzaji, nahitaji mkalimani wa Kiswahili.”