SOMO KWA MAKATIBU: MISTARI MIWILI YA KUMWITA MNUNUZI

Chama cha msingi kikiisha kufungua tovuti, kazi ya katibu bado haijakwisha. Mnunuzi wa kahawa aliyeko Hamburg halijui jina la chama hicho. Huandika maneno machache katika Google, mtambo wa kutafutia habari katika intaneti, na mara huletewa orodha ndefu ya kurasa. Chini ya kila kichwa pana mistari miwili hivi ya maelezo, na kwa hiyo mistari mnunuzi huamua afungue ukurasa upi.

Chama chaweza kuandika muhtasari huo chenyewe. Fundi wa tovuti huutia mahali pasipoonekana na msomaji wa ukurasa. Makatibu wengine hupaacha patupu, au hurudia maneno haya katika kurasa zote: "Karibuni. Sisi ni chama bora kinachojali wateja." Muuza sabuni naye angeweza kusema hivyo.

Na yalinganishwe na haya: "Kahawa ya arabika iliyooshwa, kutoka miteremko ya Kilimanjaro. Madaraja AA, A na B. Tazama kiasi kilichopo msimu huu na namna ya kuomba sampuli." Zao, mahali na daraja vimetajwa, nazo herufi hazifiki 150. Google haikuweka kikomo maalumu, lakini kwa kawaida hukata maelezo yanapokaribia herufi 160. Desemba 2017 iliyarefusha, na Mei 2018 ikayafupisha tena. Waliokuwa wameweka jambo kuu mwishoni wakakatwa. Basi jambo kuu litangulie.

Ukurasa wa wanunuzi wa ng'ambo uwe na muhtasari wa Kiingereza. Ule wa wanachama, wenye habari za mkutano mkuu na malipo ya pili, uwe na wake wa Kiswahili.

Kurundika neno "kahawa" mara kumi hakupandishi ukurasa juu ya orodha. Mwaka 2009 Google ilieleza kwamba haitumii muhtasari huo kupanga nafasi. Tena, pengine huuacha na kuchukua sentensi ndani ya ukurasa wenyewe, ikiona zinajibu swali vizuri zaidi. Kwa hiyo ukurasa nao uandikwe waziwazi.

Lililo zito ni ukweli. Mnunuzi aliyeahidiwa daraja AA, akafungua na kukuta limeuzwa tangu msimu uliopita, huondoka, na kahawa ya wanachama iliyobaki ghalani haitazami. Siku daraja linapokwisha, katibu aurekebishe muhtasari siku hiyo hiyo, kama anavyofanya katika daftari la ghala.