Keki ya Mahindi Huanzia Kwenye Gunia
Unajiandaa kuuza keki za mahindi kwenye maonyesho ya kilimo hapa Machakos? Kabla ya kuwasha jiko, kagua gunia. Mwaka wa 2004, sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini iliua watu 125 Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Joto la kuokea haliimalizi.

Tia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, hadi theluthi. Ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, utikise dakika mbili. Chumvi ikinata chupani, mahindi yana unyevu: yaanike tena juu ya turubai, si kwenye udongo. Isiponata, bado chambua punje zilizooza au kubadilika rangi, na hizo usiwape hata kuku.