Somo: Pikipiki Ikizimika Njiani na Kukataa Kuwaka

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu twaenda shambani na kiwandani kwa pikipiki. Ikigoma, zamu inatupita na ujira wa siku unakatwa. Basi tusikimbilie kununua vipuri.

Kwanza, tuangalie swichi, petroli na koki ya tangi.

Pili, tufungue kifuniko cha tangi. Hewa ikiingia kwa mlio, kisha pikipiki ikawaka, kitundu cha hewa kimeziba, tukizibue.

Tatu, injini ikipoa, tufungue plagi. Ikiwa kavu, petroli haifiki: tukague mpira wake na kabureta. Ikiwa imelowa, petroli imezidi au cheche ni hafifu: tuikaushe na kuisafisha masizi.

Sigara iwe mbali. Anayejua amfundishe mwenzake. Huo nao ni umoja.