Hesabu Jozi Kabla ya Kuchora Molekuli

H₂O na CO₂ zote zina atomu tatu, na mwanafunzi anayetazama fomula peke yake huzichora kwa mstari mmoja ulionyooka. Kwa kaboni dayoksaidi amepata: nyuzi 180. Kwa maji amekosa, kwani maji yamepinda kwa nyuzi 104.5. Tofauti hiyo imejificha katika elektroni za atomu ya katikati.

Mwaka 1957 Ronald Gillespie na Ronald Nyholm, wakiwa University College London, waliipanga vizuri kanuni hii: elektroni za tabaka la nje hukaa jozi jozi, na jozi hizo husukumana hadi zitengane kadiri nafasi inavyoruhusu. Basi anza na hesabu. Chukua elektroni za nje za atomu ya katikati, ongeza moja kwa kila hidrojeni, florini au klorini iliyoshikamana nayo, kisha gawa kwa mbili. Methani: 4 na 4 ni 8, jozi nne. Amonia: 5 na 3, jozi nne. Maji: 6 na 2, tena jozi nne! Bondi maradufu ihesabu kama upande mmoja tu. Ndiyo maana kaboni ya CO₂, isiyobakiwa na jozi yoyote, ina pande mbili zinazokimbiana.

Sasa tafuta maputo manne, moja kwa kila jozi, uyafunge pamoja shingoni. Hayatakaa kama msalaba tunaouchora ubaoni wenye nyuzi 90. Moja litainuka, matatu yatatanuka chini yake, na kati ya kila mawili utapata kama nyuzi 109.5. Fanya jaribio hili kwa mikono yako. Karatasi bapa imewapotosha wengi. Maputo matatu hutoa nyuzi 120, sita hutoa 90.

Jozi isiyoshika atomu ndiyo inayosahaulika zaidi. Inavutwa na kiini kimoja tu, hivyo hutanuka karibu na katikati na kuzibana bondi jirani. Methani haina jozi ya namna hiyo: 109.5. Amonia inayo moja: karibu 107. Maji yanazo mbili: 104.5. Ihesabu, lakini ukifika kwenye jina la umbo tazama atomu pekee: amonia ni piramidi, maji ni umbo lililopinda.

Jipime kwa XeF₄. Zenoni 8, florini 4: jozi sita, mbili hazijashika kitu. Hizo mbili huenda pande zinazokabiliana, moja juu na moja chini, na florini nne zinabaki katika mraba bapa.

Ila usidai namba kamili. H₂S ina hesabu ileile ya maji, lakini pembe yake ni karibu nyuzi 92. Kwenye jibu lako andika kwanza “chini ya 109.5”; kiasi chenyewe kichukue kutoka kwenye vipimo.