Njia Iliyokatika Kwenye Bodi ya Laptop

Bodi ya laptop ya zamani huipati kirahisi Manundu wala Chanika ya Handeni. Utaagiza Kariakoo, usubiri basi, na huenda nayo ikaja mbovu. Kama tatizo ni njia ya shaba tu, iunge.

Kabla hujapasha chuma cha solda, jiulize njia imekatikaje. Iliyoliwa na kutu huwa na ukijani au weupe pembeni, kwa sababu ya chai, soda, mkojo wa panya au maji ya masika. Hiyo ukiisafisha na kuiunga, kazi imekwisha. Iliyoungua huwa nyeusi na mpako wa juu yake umevimba. Shaba haijiunguzi, mbele yake kuna kitu kimepiga shoti, mara nyingi kapasita au mosfeti. Ukiunga bila kukitoa, utaunguza na waya wako, pengine na prosesa. Hatua hii wengi wanairuka, halafu wanamlaumu mteja.

Chomoa chaja, toa betri na kile kibetri cha saa cha volti 3, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Safisha kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, maana vumbi la Handeni huficha nyufa. Piga picha kwa simu, ikuze. Hata hivyo mwamuzi ni mita: iweke kwenye mlio, gusa ncha mbili za njia. Ikiwa kimya, imekatika.

Kwangua mpako kwa ncha ya wembe, milimita 2 kila upande, mpaka shaba ing'ae. Unene wake ni kama milimita 0.035, kwa hiyo usichimbe. Paka flaksi, weka solda kidogo, chuma kikiwa nyuzi 330 hivi, na usizidishe sekunde 3. Ukizidisha, shaba inabanduka kama ganda la kitunguu.

Kisha ziba pengo kwa waya. Kwa njia ya mawasiliano, uzi mmoja wa shaba kutoka koili ya rilei mbovu unatosha; toa vanishi ncha zote mbili, la sivyo solda haishiki. Njia ya chaja au betri inapitisha ampea kadhaa, itafutie waya mnene. Na kilichoungua kikiwa fyuzi, weka fyuzi. Waya badala ya fyuzi ni kumchomea mtu nyumba.

Pima tena: mlio kati ya ncha, kimya kati ya njia na jirani zake, na laini ya umeme isilie na gandi (ground). Laini ya prosesa usiishtukie, hata ikiwa nzima husoma omu chache.

Ikiwaka, iache ifanye kazi saa nzima ndipo upake rangi ya kucha juu ya kiungo. Ukiwahi kuipaka, utaikwangua tena. Chagua isiyo na vimeremeta, vingine ni metali.