Somo la Juma Hili: Mambo Mazito katika Vitabu vya Watoto

Kwa wanafunzi wa darasa la wakubwa, pamoja na wazazi

Je, kitabu cha mtoto wa miaka mitano kizungumzie kifo, maradhi na ukatili? Wengi wetu hujibu upesi: hapana, mtoto aachiwe utoto wake. Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni, ikisema vinakwenda kinyume na maadili. Hofu hiyo inaeleweka, kwa sababu kitabu humfikia mtoto hata mzazi asipokuwepo.

Lakini tutenganishe mambo mawili. Yako mambo ya chumbani, ya wakubwa. Hayo yangoje umri wake. Yako pia mambo mazito ambayo hayamngoji mtoto akue. Aprili 2022, hapa Diepsloot, kundi la watu lilipita nyumba kwa nyumba likidai vitambulisho, na mhamiaji mmoja kutoka Zimbabwe akauawa. Watoto walisikia, maana ukuta wa bati hauzuii sauti. Kitabu kinachonyamaza hakimkingi mtoto wa namna hiyo. Kinamwacha peke yake na alichokisikia.

Afrika Kusini imewahi kulijaribu jambo hili kwa watoto wadogo kabisa. Mwaka 2002 kipindi cha televisheni cha Takalani Sesame kilimleta Kami, mwanasesere wa miaka mitano anayeishi na VVU, aliyefiwa na mama yake. Hakuletwa kutisha watu. Watoto walimwona akicheza na wenzake, wakajifunza kwamba kucheza na mwenye virusi hakuambukizi. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Bibi zetu nao walijua. Katika ngano zimwi humeza watu, na mama wa kambo humtesa yatima. Ila mtoto husikiliza akiwa amemwegemea bibi, damu haielezwi kirefu, na mara nyingi yatima hupata wa kumwokoa.

Kabla ya kumpa mtoto kitabu, jiulize:

1. Je, jambo hili amekwisha kuliona au kulisikia?
2. Je, limeelezwa kwa maneno ya kiasi chake?
3. Je, katika hadithi yumo anayemsaidia mtoto?
4. Je, nyumbani yupo atakayesoma naye?

Swali la nne ndilo zito kuliko yote. Pasipo mtu wa kuulizwa, hata kitabu kizuri kinaweza kumwachia mtoto hofu tu.

Maneno ya somo
marufuku: jambo lililokatazwa
yatima: mtoto aliyefiwa na mzazi au wazazi
kiasi: kadiri inayofaa, isiyozidi

Kazi ya nyumbani
Mwombe mzazi, bibi au babu akusimulie ngano moja yenye jambo la kutisha. Andika sentensi tano: nini kilitisha, nani alisaidia, na wewe ungemsimuliaje mdogo wako. Wazazi, tafadhali msiwaandikie. Kaeni nao tu.