SOMO LA VIKUNDI: KUOSHA NA KUKAUSHA VYOMBO VYA NYUMBANI NA VYA KIKUNDI



Vikundi vingi vya akina mama vijijini vilianza kwa kununuliana vyombo. Kila mwezi mmoja anapelekewa sufuria, sahani na chupa ya chai. Vingine vimeendelea hata kununua sahani mia mbili za kukodisha wakati wa harusi na matanga. Hayo ni maendeleo mazuri. Lakini chombo kipya kikioshwa vibaya kitaleta ugonjwa sawasawa na kile kikuukuu.

Wengi wetu tunakumbuka mwezi wa Oktoba 2022. Kipindupindu kilianza Limuru, kaunti ya Kiambu, baada ya sherehe ya harusi, kisha kikaenea katika kaunti nyingi. Ugonjwa huu huingia kwa mdomo, kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mgonjwa. Watu wengi wakila pamoja siku moja, kosa dogo jikoni linafika nyumba nyingi. Kwa hivyo kazi ya kuosha vyombo si kazi ndogo ya kuachiwa mtoto peke yake.

Mashine inatufundisha nini?

Katika nyumba zingine za mjini kuna mashine ya kuosha vyombo. Mama mmoja wa Marekani, Josephine Cochrane, alipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya namna hiyo mwaka 1886. Vyombo vilipangwa kwenye vichanja vya waya, halafu maji ya sabuni yakarushwa juu yake kwa nguvu.

Mashine za siku hizi zinahitaji stima, maji ya mfereji yenye nguvu, bomba la kutoa maji machafu, na sabuni yake maalum. Ukiweka sabuni ya kawaida, povu linafurika mpaka sakafuni. Kwa nyumba isiyo na mfereji, kununua mashine hiyo ni kutupa pesa.

Lakini tukiangalia vile inafanya kazi, tunaona mambo manne tu: maji ya moto, sabuni, kusuuza vizuri, na kukausha bila kupanguza na kitambaa. Haya yote tunaweza kuyafanya kwa makarai matatu na kichanja cha fito.

Makarai matatu

Kabla ya kuanza, nawa mikono kwa sabuni. Kwangua mabaki yote ya chakula, uwape kuku au utupe kwenye shimo la mbolea. Sufuria ya ugali iloweke kwa maji baridi. Chombo cha maziwa pia kisuuze kwanza kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto hugandisha maziwa.

1. *Karai la kwanza: maji ya moto na sabuni.* Yawe moto kiasi mikono inavyoweza kuvumilia. Anza na vikombe na vijiko, halafu sahani, na mwisho sufuria zenye mafuta. Ukianza na sufuria, mafuta yake yatashika kila kikombe.

2. *Karai la pili: maji safi ya kusuuza.* Ondoa sabuni yote, ndani na nje.

3. *Karai la tatu: maji safi yenye dawa ya klorini.* Dawa ya kufulia nguo nyeupe inayouzwa dukani, ile isiyo na manukato, inafaa. Ikiwa ina nguvu ya asilimia 3.5 hivi, weka kijiko kikubwa kimoja katika lita 5 za maji. Tumbukiza vyombo kwa dakika mbili, halafu uvitoe moja kwa moja kwenye kichanja. Tengeneza maji mapya kila siku. Usichanganye dawa hii na dawa nyingine yoyote ya kusafisha, maana hutoa hewa ya sumu. Weka chupa mbali na watoto.

Ukiweka lita 4 au 5 katika kila karai, nyumba ya watu sita itatumia kama lita 15, chini ya mtungi mmoja wa lita 20. Maji ya karai la pili yanaweza kuwa ya kwanza kesho yake kwa kusugua sufuria za nje. Usiyamwage bure ikiwa unayateka mbali.

Je, majivu? Majivu safi ya kuni, yaliyochungwa, husugua masizi na kukata mafuta. Lakini usitumie majivu ya mahali plastiki imechomwa. Na usiyatumie kila siku kwa sufuria za alumini, maana zitaliwa na kuwa nyembamba.

Sponji na kitambaa cha kuoshea hukaa na unyevu, na unyevu ni nyumba ya vijidudu. Chemsha kitambaa mara kwa mara, ukianike juani. Sponji ikianza kunuka, itupe.

Kichanja cha vyombo

Wahudumu wa afya ya jamii wanapotembelea boma hutazama choo, mahali pa kunawa mikono, na kichanja. Sababu ni rahisi: chombo kilichooshwa vizuri kisha kikawekwa chini, kitalambwa na mbwa na kukanyagwa na kuku. Na kile kilichopanguzwa na leso chafu kimechafuliwa upya.

Kukijenga:

- Chagua mahali pa jua, mbali na choo na zizi. Pasiwe chini ya mti ambao ndege hulala.
- Tafuta nguzo nne imara. Choma kidogo sehemu inayoingia ardhini ili mchwa wasiile upesi.
- Kimo kiwe kama mita moja kutoka ardhini, juu ya kufika kwa mbwa.
- Pigilia fito nyembamba kwa misumari au uzifunge kwa kamba ya mkonge. Acha nafasi kati ya fito ili maji yadondoke na hewa ipite.
- Ukiweza, tengeneza orofa mbili: vikombe na sahani juu, sufuria chini. Mtungo huu huzuia masizi yasidondokee sahani.
- Chini yake chimba shimo dogo, ulijaze mawe, ili pasiwe na tope wala mbu.

Vyombo vifunikwe kifudifudi. Vikikauka, viingize ndani kabla ya jioni. Fito pia zioshwe kila wiki.

Vyombo vya kukodisha

Hapa ndipo kikundi kina jukumu kubwa. Wakati wa kununua, chagua sahani za chuma kisichoshika kutu ikiwa pesa zinatosha. Plastiki ni rahisi kwa bei, lakini ikikwaruzwa hushika mafuta na uchafu. Za bati lililopakwa rangi hubanduka na kushika kutu.

Mkubaliane hivi: hata mteja akirudisha vyombo vimeoshwa, kikundi kitaviosha tena kabla ya kuviweka stoo. Bei ya kukodisha iwe na pesa ya sabuni, dawa na kuni za kuchemshia maji. Msipoweka pesa hizo, siku ya kazi mtaosha kwa maji baridi, na faida itakuwa ya hospitali. Badilisha maji ya kila karai yakipoa au yakiwa na mafuta. Mweka hazina aandike idadi iliyotoka, iliyorudi na iliyovunjika, na jina la aliyesimamia kuosha.

Neno la mwisho kuhusu kazi yenyewe. Nyumba nyingi humwachia msichana vyombo vyote huku kaka yake akisoma. Mvulana naye ana mikono. Wakipeana zamu, wote watapata muda wa vitabu.

Maswali ya kujadili

1. Ni boma ngapi za wanachama wetu zina kichanja? Zile zisizo nacho zinakosa nini: fito, misumari, au nia?
2. Nani aliosha vyombo katika sherehe ya mwisho kijijini, na kwa maji gani?
3. Bei yetu ya kukodisha inatosha sabuni, dawa na kuni?

Kazi kabla ya mkutano ujao: Wanachama wakutane watano watano, wajengeane kichanja boma moja kila Jumamosi mpaka wote wamalize. Katibu alete orodha.